Kupanda Kilimanjaro ukiwa na presha: siku tano, siku sita, na vidonge gani?

"Habari za kazi, mtaalamu. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Moshi mjini, nina miaka 47. Walimu 12 wa chama chetu cha kuweka na kukopa tumechangishana ili tarehe 9 Desemba tuwe kileleni. Tumepewa bei ya njia ya Marangu kwa siku tano. Siku sita ni ghali zaidi, na wengi wanasema ya nini, sisi ni watu wa mlima. Natumia dawa za presha mwaka wa tatu sasa, amlodipini na kile kidonge cha kukojosha, na presha imetulia. Kinachonitia hofu ni mtoto wa dada yangu, ana miaka 23 na ni mchezaji mpira. Mwaka jana alitapika Kibo, kituo cha mwisho kabla ya kilele, akateremshwa, wakati kwenye kundi lake hilohilo mzee wa miaka zaidi ya 60 alifika kilele cha Uhuru. Sasa kila mtu ana lake: nitafune kitunguu saumu, ninywe maji lita tano kwa siku, nimeze Diamox. Mwenzangu mmoja anasema Diamox inaficha ugonjwa mpaka unaanguka ghafla. Aliyetuandalia safari katuambia kichwa kikiuma tutapewa Panadol, tutaendelea. Je, niende? Na nikienda, nifanye nini?"

Mwalimu, asante kwa kuuliza mapema na kwa kutaja dawa zako kwa majina. Jibu fupi ni kwamba unaweza kwenda, ikiwa daktari atakuona kwanza na kuzipitia dawa hizo, na ikiwa mtaongeza siku ya sita. Ile kauli ya Panadol na kuendelea ndiyo iliyonishtua zaidi kuliko presha yako. Nitaifikia.

Nianze na mtoto wa dada yako. Nguvu za miguu na pumzi za uwanjani hazimkingi mtu na ugonjwa wa mlima. Mara nyingi kijana mwenye mazoezi ndiye anayeumia, kwa sababu mwili wake unamruhusu kwenda mbio. Anafika wa kwanza Horombo, kituo cha pili cha kulala njia ya Marangu, anakaa juani akiwasubiri wenzake, na usiku kichwa kinamgonga. Mzee anakwenda hatua fupi kwa kuwa hana namna nyingine, na kumbe hiyo ndiyo namna inayotakiwa. Juu ya hayo kuna tofauti za maumbile ambazo hakuna kipimo cha Moshi wala Arusha kitakachokuonyesha kabla hujapanda. Kwa hiyo kijana hakushindwa kwa uzembe, na wewe hutashindwa kwa sababu ya umri wako.

Sasa tazama kinachotokea mwilini, maana ukikielewa, ushauri wote uliopewa utaweza kuupima mwenyewe. Hewa ya kileleni ina sehemu ileile ya oksijeni kama hewa ya stendi ya Moshi, karibu 21 kwa kila 100. Kinachopungua ni mgandamizo. Hewa ya chini imebanwa na uzito wa hewa yote iliyo juu yake. Ukipanda, uzito huo unapungua na hewa inatawanyika. Utaliona jambo hili kwa macho: pakiti ya krispi uliyoinunua mjini itakuwa imevimba kama mpira ukifika Horombo, na chupa tupu ya maji uliyoifunga kizibo Kibo utaikuta imebonyea ukirudi getini. Kwenye mita 5,895 za Uhuru, kila pumzi unayovuta inakupa takriban nusu ya oksijeni ambayo ungeipata ukiwa ufukweni Tanga.

Mwili unajibu kwa kupumua haraka na kwa kina zaidi. Hapo unazuka mgogoro. Ukipumua sana unatoa kabonidioksidi nyingi, na gesi hiyo ndiyo inayoipa damu uchachu wake. Damu inapopungukiwa na uchachu, ubongo unakanyaga breki na kuagiza pumzi zipungue, ingawa oksijeni bado haitoshi. Breki hiyo inakaza zaidi usingizini. Ndiyo sababu utamsikia mwenzako kibandani akinyamaza kabisa kwa sekunde kadhaa, kisha anavuta pumzi kubwa kama aliyeshtuka. Inatisha kuisikiliza, lakini ni jambo la kawaida huko juu. Anayeiachia breki hiyo ni figo. Zinatoa magadi ya ziada kupitia mkojo mpaka damu irudi kwenye mizani, na kazi hiyo inachukua siku mbili, tatu, wakati mwingine zaidi. Ukiona unakwenda chooni mara nyingi Horombo, furahi, figo zinafanya kazi. Hakuna mazoezi ya uwanjani yanayoweza kuziharakisha. Zinahitaji kulala usiku kadhaa juu.

Ndipo hesabu ya siku tano inapoanza kuuma. Moshi mjini mko chini ya mita 1,000. Usiku wa kwanza mnalala Mandara, mita 2,720. Wa pili Horombo, 3,720. Wa tatu Kibo, 4,720, na hapo hamlali bali mnajinyoosha saa chache tu, kisha karibu na saa sita usiku mnaanza kupanda mita nyingine 1,175. Ushauri unaokubalika kwa madaktari wa milimani ni kwamba ukishavuka mita 3,000, kimo cha kulala kisiongezeke zaidi ya mita 500 kwa usiku mmoja, na kila baada ya siku tatu au nne kuwe na usiku wa kubaki palepale. Marangu ya siku tano inaongeza mita 1,000 kila usiku, bila kupumzika popote. Kila kitu kinakwenda mara mbili ya kasi inayoshauriwa.

Najua tarehe 9 hamwezi kuisogeza, na wala sitawaomba muisogeze. Usiku wa kuamkia tarehe hiyo mwaka 1961 ndipo Luteni Alexander Nyirenda alipousimika Mwenge na bendera pale juu, na walimu wana sababu zao za kutaka kuwapo siku hiyo. Sogezeni siku ya kuanza. Mkiingia geti la Marangu tarehe 5 Desemba badala ya tarehe 6, mnalala Mandara tarehe 5, Horombo tarehe 6 na 7, Kibo tarehe 8, na alfajiri ya tarehe 9 mko kwenye ukingo wa kreta kama mlivyopanga. Usiku wa tarehe 9 mnalala tena Horombo, na tarehe 10 mnatoka.

Tarehe 7 isiwe siku ya kulala kitandani. Asubuhi pandeni taratibu mpaka Zebra Rocks, yale mawe yenye michirizi myeusi na myeupe upande wa Mawenzi, au zaidi ya hapo kidogo, mkae nusu saa, kisha mrudi kulala palepale Horombo. Mwili unapata dokezo la kimo kipya bila kulazimishwa kulala huko. Waongozaji wanasema panda juu, lala chini, na fiziolojia inawaunga mkono. Hata hivyo nisikudanganye: siku sita bado ni haraka kuliko ushauri ule wa mita 500. Ni bora zaidi ya tano, na kwa mtu wa presha tano nisingezikubali kabisa.

Pengine utauliza, kwa nini tusiende Machame siku saba au Lemosho siku nane? Kwa kuzoea kimo pekee, njia hizo ni bora kuliko Marangu. Machame inakupeleka kambi ya Shira, kama mita 3,840, kesho yake inakupandisha mpaka Lava Tower, mita 4,600 na kitu, kisha inakushusha ulale Barranco chini ya mita 4,000, halafu Karanga karibu na kimo hichohicho, ndipo uende kambi ya Barafu, ya mwisho kabla ya kilele. Kabla ya Barafu unakuwa umelala mara tatu mfululizo kuzunguka mita 4,000. Gharama yake ni hema kila usiku, siku zaidi za ada, wagumu, yaani wapagazi, zaidi wa kubeba mahema na jiko, na kuteremka kwa njia ya Mweka kunakotafuna magoti. Mwanzoni mwa Desemba mvua za vuli huwa hazijaisha, na mtu aliyelowa usiku kwenye hema anapoteza joto na usingizi. Marangu mna vibanda vyenye vitanda na magodoro. Kwa kundi la walimu 12 wenye bajeti ya pamoja, mimi ningechagua Marangu ya siku sita. Fedha zikiruhusu siku ya saba kwa Machame, chagueni Machame. Kitu ambacho nisingenunua ni koti la bei kubwa huku nimekata siku moja ya mlima, kwa sababu koti zuri linakodishwa mjini lakini usiku wa kulala Horombo haukodishwi.

Kuhusu kuwa watu wa mlima. Vihamba vya Kibosho, Marangu na Old Moshi viko chini ya mita 1,900, na mwili hauanzi mabadiliko ya maana mpaka mtu aishi juu zaidi ya hapo. Wako watu duniani ambao miili yao imebadilika kwa vizazi vingi vya kuishi juu sana: Watibeti, watu wa milima ya Andes, na baadhi ya wakazi wa nyanda za juu za Ethiopia. Sisi hatumo. Mnapowaona wagumu wakipita na mzigo kichwani huku wanaimba, jueni kuwa miili yao imezoea kwa sababu walikuwa juu wiki iliyopita. Mazoea hayo huanza kupotea siku chache baada ya kushuka, na mgumu aliyekaa nyumbani masika yote anaanza upya kama wewe. Naomba pia mjue kwamba wagumu nao huugua, na mara nyingi hunyamaza wasije wakakosa kibarua. Jioni mwongozaji anapouliza hali za walimu, awaulize na wao.

Kitunguu saumu hakina ushahidi wa kuzuia ugonjwa wa mlima, na kikitafunwa kibichi kwenye tumbo lililokwisha kukataa chakula kitakuongezea kiungulia. Tangawizi kwenye chai inatuliza kichefuchefu kidogo na inakufanya unywe maji ya moto, kwa hiyo kunywa. Maji ndiyo yanayohitaji tahadhari. Lita tatu kwa siku, ukihesabu chai, supu na uji, zinamtosha mtu wa umbo la kawaida anayetembea pole pole. Lita tano za maji matupu huizimua chumvi ya damu, na chumvi ikishuka sana unapata kichwa kuuma, kichefuchefu na kuchanganyikiwa, dalili zinazofanana kabisa na za ugonjwa wa mlima. Tazama mkojo: ukiwa rangi ya majani makavu unakunywa vizuri, ukiwa rangi ya chai ya rangi ongeza, ukiwa mweupe kama maji ya bomba siku nzima punguza. Kwenye chupa moja ya siku weka pakiti ya ORS, ileile ya kituo cha afya.

Tuje kwenye Diamox, yaani asetazolamidi. Mwenzako amechanganya dawa mbili, na si yeye peke yake. Diamox haifichi kitu. Inaziambia figo zitoe yale magadi haraka zaidi, breki inaachia mapema, unapumua vizuri usingizini, na mwili unazoea kimo kwelikweli. Ukijisikia nafuu ukiwa unaitumia, ni kwa sababu umepata nafuu. Dawa inayoweza kumdanganya mtu ni deksamethasoni, ambayo wengine huiita deksa. Hiyo inapunguza uvimbe wa ubongo na kumwinua mgonjwa ndani ya saa chache, lakini mwili unakuwa haujazoea chochote, na ikiisha nguvu ugonjwa unaweza kurudi mkali zaidi. Deksa ni dawa ya kumwezesha mgonjwa kuteremka. Mtu yeyote akipewa kidonge hicho Kibo kisha akaambiwa haya sasa twende kileleni, anaingizwa hatarini. Ulizeni jina la kila kidonge kabla ya kumeza.

Kipimo cha kinga cha Diamox kwa mtu mzima ni miligramu 125 asubuhi na 125 jioni, kuanzia siku moja kabla ya kupanda mpaka utakapoanza kushuka. Vidonge vingi madukani ni vya miligramu 250, kwa hiyo ni nusu kidonge. Vidole na midomo vitafanya ganzi kama vinachomwa na sindano, utakojoa zaidi, na soda itakuwa na ladha mbovu. Hayo hayadhuru. Ijaribu siku mbili ukiwa nyumbani, wiki chache kabla, ili ganzi hiyo isikushtue ukiwa Mandara. Kama uliwahi kuvimba au kutoka malengelenge baada ya kumeza Septrini au SP, usiiguse mpaka daktari akubali, kwa kuwa zina undugu wa mbali.

Na hapa ndipo dawa zako zinapoingia, Mwalimu. Amlodipini haina ugomvi na mlima, endelea nayo kila siku kwa saa ileile. Usiiache hata siku moja kwa kuogopa presha kushuka, kwa sababu siku za mwanzo huko juu presha ya watu wengi hupanda. Kidonge cha kukojosha ndicho kinachonifanya nikutume kwa daktari. Chenyewe kinapoteza maji na potasiamu, na Diamox inapoteza maji na potasiamu. Ukiongeza jasho, kutapika au tumbo la kuhara, unaweza kuanguka kwa kizunguzungu au moyo ukaanza kudunda bila mpangilio. Huenda daktari akakibadilisha, akakipunguza kwa siku za safari, au akaamua usitumie Diamox na badala yake mwongeze siku. Uamuzi huo unahitaji kipimo cha damu cha figo na potasiamu. Hauwezi kufanywa kwa maandishi, wala kwenye kaunta ya duka la dawa. Nenda kliniki yako, au hospitali ya KCMC, wiki sita kabla, ili kama dawa ikibadilishwa kuwe na muda wa kuona inavyokuchukua. Omba na kipimo cha umeme wa moyo, na wingi wa damu. Mwanamke mwenye damu pungufu anapanda mlima akiwa na upungufu juu ya upungufu, na tatizo hilo linatibika ndani ya wiki hizo.

Pimeni na selimundu, yaani sikoseli, wote 12. Mwenye ugonjwa wenyewe asipande kabisa. Aliyerithi upande mmoja tu anaishi bila shida mjini, lakini kwenye kimo kikubwa wengu wake unaweza kukosa damu na kuuma vikali upande wa kushoto chini ya mbavu. Asikie hayo kutoka kwa daktari kabla ya kulipa. Aliyepata maumivu ya kifua akitembea, kiharusi, au aliye mjamzito, abaki. Mwenye pumu iliyotulia anaweza kwenda na kipulizio chake mfuko wa ndani, maana kikipigwa na baridi kinatoa dawa kidogo.

Kuhusu Panadol. Kumeza vidonge viwili kwa kichwa kinachouma si kosa, na kwako ni bora kuliko ibuprofeni na diklofenaki, ambazo hupandisha presha na kugombana na kidonge cha kukojosha. Kosa liko kwenye neno tutaendelea. Kichwa kinachouma juu ya mita 2,500 ni ugonjwa wa mlima mpaka kithibitishwe kuwa kingine. Mpe mgonjwa Panadol, maji, chakula, apumzike saa mbili. Kikipoa na hamu ya kula ikarudi, anaendelea na wenzake. Kisipopoa, au kikaja na kutapika, asilale juu zaidi ya hapo alipo. Kikizidi, anashuka. Homa si dalili ya ugonjwa wa mlima: mwenye joto la nyuzi 38 na mwili kumuuma apimwe malaria, kwa kuwa ametoka Moshi, na kipimo cha haraka cha kidoleni kinabebeka mfukoni.

Hali mbili haziruhusu kusubiri asubuhi. Ya kwanza ni ubongo kuvimba, na utaijua kwa miguu kuliko kwa maneno. Mgonjwa atakwambia niko sawa, anataka kulala tu. Mtoe nje, chora mstari wa hatua kumi ardhini kwa ncha ya fimbo, mulika kwa tochi, mwambie atembee juu yake akigusisha kisigino cha mguu mmoja na vidole vya mwingine. Mtu mzima aliyechoka atakwenda polepole lakini atafika mwisho. Anayeyumba kama mlevi, anayetoka nje ya mstari, anayefungua mikono kutafuta mhimili, anashuka sasa hivi, usiku huohuo. Dalili nyingine ni ndogo lakini zina maana ileile: kushindwa kufunga kamba za viatu alivyovifunga jana bila shida, kukasirika bila sababu, kusahau jina la mwenzake. Ya pili ni mapafu kujaa maji. Mtu anahema akiwa amekaa, anakohoa, kifua kinakoroma kama birika linalokaribia kuchemka, na makohozi yanaweza kuwa na povu la rangi ya waridi. Kwa ngozi zetu, ubluu utafute ndani ya midomo na kwenye ulimi. Dawa ya hali zote mbili ni kushuka. Kutoka Kibo mpaka Horombo ni mita 1,000 kamili, na hizo huwa zinatosha kubadili hali ya mtu. Oksijeni ya mtungi na deksa vinampa nguvu ya kufika huko. Havichukui nafasi ya kushuka.

Mtavalishwa kipima oksijeni kidoleni asubuhi na jioni. Namba zisikutie hofu: Kibo, kiasi cha 80 au chini yake kidogo ni kawaida kwa mtu mzima wa afya. Anayefuatiliwa ni yule aliye chini sana kuliko wenzake, au anayeshuka kila kipimo huku akijisikia vibaya. Ondoeni rangi za kucha kabla ya safari, hina na rangi nzito hupotosha kifaa, na kidole kibaridi kipasheni kwanza kwapani.

Kabla ya kulipa sehemu iliyobaki, kaeni na aliyewaandalia safari mumuulize: mtungi wa oksijeni unafika Kibo au unabaki getini? Mwongozaji mkuu amefundishwa huduma ya kwanza ya mlimani? Usiku wa kileleni kutakuwa na waongozaji wangapi? Kwa watu 12 mimi nisingekubali chini ya watano, kwa sababu mmoja akiugua anahitaji mtu wa kumteremsha, na wa pili naye, na waliobaki bado wanahitaji wa kuwaongoza. Swali la mwisho ndilo zito: nani ana kauli ya mwisho mtu akitakiwa kurudi? Jibu liwe mwongozaji mkuu, na lisemwe mbele ya wote mkiwa bado Moshi. Mkiwa Kibo saa nne usiku, mwenye mchango wake wa miezi minane hatasikia la mtu. Mwambie pia mwongozaji presha yako na dawa zako, uso kwa uso, kabla ya geti.

Usiku wa kileleni wenyewe una mambo machache. Kuleni mapema jioni kitu chepesi cha moto; mtori unafaa sana, una ndizi, mchuzi na chumvi, na unapita hata tumbo likiwa limekaza. Baridi huweza kufika nyuzi kumi chini ya sifuri na zaidi, kwa hiyo chupa ya maji igeuze kichwa chini, maana barafu huanzia juu na kizibo kitabaki wazi. Dawa zako za presha ziwe kwenye begi lako la mgongoni. Begi kubwa anabeba mgumu, na huenda likafika kibanda kingine. Mwendo uwe ule unaokuruhusu kusema sentensi nzima bila kukata. Ukishindwa, umezidisha, hata kama mbele yenu kuna kundi linawapita. Kokoto za kuelekea Gilman's Point, pale ukingoni mwa kreta, zinateleza nusu hatua kwa kila hatua, na hapo ndipo watu wanapoanza kukimbizana. Gilman's, karibu na mita 5,685, mnapaswa kuwa mmefika jua linapochomoza, saa kumi na mbili na robo hivi. Ikishapita saa moja na nusu na bado mko chini yake, geukeni. Kutoka hapo hadi Uhuru bado ni saa moja na nusu mpaka mbili, kisha mna safari yote ya kurudi mpaka Horombo siku hiyohiyo.

Kwa mazoezi, wiki kumi zinatosha: mara tatu au nne kwa wiki, saa moja hadi mbili, begi la kilo tano mgongoni, na mara moja kwa wiki njia ya mteremko mrefu. Barabara ya kupanda Kibosho na kurudi kwa miguu inafaa. Watu wengi hujizoeza kupanda tu, kisha magoti na kucha za vidole gumba hulia wakishuka. Kata kucha za miguu fupi siku mbili kabla, na viatu viwe vimeshatembea angalau kilomita 50 na soksi zilezile utakazovaa juu.

Ukirudi nyumbani, pima presha kila asubuhi kwa wiki moja na umpelekee daktari namba hizo, hasa kama alikubadilishia dawa. Kikohozi kikavu cha siku mbili tatu ni vumbi na hewa baridi. Ila ukihema unapolala chali, kifua kikakoroma, au kichwa kikaendelea kuuma siku ya pili ukiwa Moshi, usingoje Jumatatu. Nenda hospitali siku hiyohiyo, na ukifika useme umetoka mlimani, umefika kimo gani na umemeza dawa gani.